Muulize Bibi Afya: Bomba la Nyumba 11 Lipite Uani Kwangu?

*Shikamoo Bibi Afya. Mimi ni mjane wa miaka 46, naishi Mwanza, mtaa wa mlimani. Nyumba yangu ina vyumba sita; viwili nakaa mimi na wanangu, vinne nimepangisha. Karo la choo nililijenga mwaka 2019 kwa kuuza ng'ombe wawili alioacha marehemu mume wangu. Mafundi walichimba hadi usawa wa kifua, wakakuta mwamba, wakaishia hapo. Tangu mwaka juzi linajaa kila baada ya miezi minne. Gari la majitaka halipandi kwetu, kwa hiyo nawalipa vijana 90,000 kila wanapokuja usiku na ndoo zao. Jirani yangu wa juu hasubiri vijana, anasubiri mvua. Ikinyesha anachomoa tofali la karo lake, uchafu unashuka na kupita mlangoni kwangu.*

*Sasa serikali ya mtaa imetuita kikao. Wanataka nyumba 11 tuungane kwenye bomba moja, lishuke hadi bomba kubwa lililopo barabarani. Kila nyumba ichange 220,000. Nyumba yangu ndiyo ya mwisho kwa chini, kwa hiyo bomba la wote litapita uani kwangu. Shemeji yangu ananiambia nikikubali nimeuza kiwanja cha ndugu yake. Mzee mmoja jirani amegoma, anasema hawezi kutoa hela yake kusafirisha mavi ya wapangaji wa watu. Nami naumia nikifikiria kulifukia karo la ng'ombe wawili. Isitoshe, maji ya bomba tunapata mara mbili tu kwa wiki. Je, nikubali? Na likiziba, nani atazibua?*

*Mama wa nyumba ya chini, Mwanza*

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua kalamu nikauchora mtaa wenu: nyumba ya yule wa tofali juu, nyingine katikati, yako chini, kisha barabara. Nimefanya kazi ya afya ya jamii hapo Mwanza miaka 31, na mitaa ya namna hiyo nimeipanda kiangazi na masika.

Jibu langu ni kubali. Ila usikubali kama mtu anayewafanyia majirani hisani, wala kama mtu aliyelazimishwa na kikao. Kubali ukiwa na masharti yako mkononi. Kwenye bomba la pamoja, nyumba ya chini ndiyo inayoumia kwanza mambo yakiharibika, kwa hiyo ndiyo inayostahili kusikilizwa kwanza.

Nianze na karo lako, maana naona ndilo linalokuuma. Karo lina kazi mbili. Linatuliza mazito yabaki chini yaoze taratibu, na linaachia maji yatoke yakapenye ardhini. Kazi ya kwanza lako linaifanya. Ya pili haiwezekani, kwa sababu chini yake kuna mwamba, na mwamba haunywi maji. Kwa hiyo vijana wanapokuja na ndoo zao, sehemu kubwa ya wanachobeba ni maji ya kuogea na kufulia. Unalipa 90,000 mara tatu kwa mwaka, ambayo ni 270,000, kubeba maji kwa ndoo kutoka sehemu moja ya mlima hadi nyingine. Mchango wa bomba ni 220,000 mara moja, halafu kuna ada ya majitaka ambayo huingia kwenye bili yako ya maji kila mwezi. Kaulize ada hiyo ofisi ya mamlaka ya maji kabla ya kikao, uijue kwa shilingi, usiambiwe na mtu wa barabarani. Ng'ombe wako wawili hawakupotea, mama. Walikupa choo chenye heshima kwa miaka kadhaa. Lakini ukiendelea hivi utauza na wa tatu.

Na huyo jirani wa tofali. Nataka nikueleze jambo nililoliona mwenyewe. Mwaka 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam mwezi Agosti, kikasambaa mikoani, kikafika na kwetu. Nchi nzima waliugua watu zaidi ya 20,000 kabla hakijatulia. Siku moja niliitwa nyumba moja ya mlimani, mtoto wa miaka mitano, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Mama yake alikuwa anachemsha maji. Ndoo ya kunawia ilikuwepo mlangoni, sabuni ipo. Niliangalia kila kitu nikashindwa kuelewa, mpaka nilipokaa kwenye ngazi ya mlango kuandika. Kwenye kamfereji kalikopita mbele ya ile ngazi kulikuwa na vimashua vitatu vya karatasi ya daftari, vimekwama kwenye jiwe. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha, na nyumba ya juu walikuwa wametapisha choo. Yule mtoto alipona, tulimuwahi na maji ya chumvichumvi na dripu. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kukubali mtu aniambie kwamba choo ni jambo la mtu na nyumba yake. Mlimani, choo cha aliye juu ni mlango wa aliye chini. Wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Sasa hilo bomba lenyewe. Watu wakisikia bomba la majitaka wanafikiria yale ya mjini, yaliyozikwa chini sana katikati ya barabara, yenye mashimo ambayo mtu anaingia mzima. Hilo halipandi kwenu, na lingepanda msingeweza kulilipia. Mnaloletewa ni bomba dogo, la inchi 4 au 6, linalopita kwenye nyua na vichochoro ambako gari halifiki, na kwa sababu gari halifiki halihitaji kuzikwa sana. Sentimita 40 zinatosha, na penye mwamba linaweza kupita juu likafunikwa kwa zege. Kila linapokata kona au kupokea nyumba, panakuwa na chemba ndogo ya kuzibulia. Walioanza kulisambaza sana ni Wabrazili, mjini Natal, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliangalia ghorofa wakaona kwamba kila chumba hakina karo lake. Vyumba vyote vina bomba moja linaloshuka. Wakasema, basi nyumba za mtaa mmoja nazo ni ghorofa moja, isipokuwa limelazwa chini. Hapo Mwanza kwenyewe Igogo na Kilimahewa wanaishi na mfumo huo, na majitaka ya jiji yanaishia mabwawa ya Butuja, kule Ilemela, ambako yanatulia bwawa hadi bwawa na jua linaua vijidudu kabla maji hayajaachiwa.

Hapo pana swali lako la kwanza kikaoni, na uliulize kwa sauti: bomba la barabarani linaishia wapi? Mtu akujibu kwa jina la mahali. Bomba linaloishia mtoni si bomba la majitaka, ni lile tofali la jirani yako lililorefushwa. Mkijibiwa kwamba limeunganishwa hadi mabwawani, na mamlaka imekubali kwa maandishi kuwapokea, endeleeni.

Nilisema nyumba ya chini ndiyo inayoumia kwanza. Sababu ni hii. Bomba likiziba chini ya nyumba yako, wale kumi wa juu hawajui. Wanaoga, wanafua, wanamwaga, na kila kitu kinashuka vizuri. Kinakusanyika kwako. Kinapanda kwenye bomba na kutafuta tundu lililo chini kuliko yote kitokee hapo. Kama tundu hilo ni sinki la choo chako, mavi ya nyumba 11 yataingia ndani ya nyumba yako. Kwa hiyo mwambie fundi mbele ya watu: mdomo wa chemba ya uani kwangu uwe chini kuliko sakafu ya choo changu, walau kwa kiganja kizima. Hapo likiziba litafurika nje, uani, utaliona na utapiga kelele, lakini ndani kwako hakuingii kitu. Hili ni jambo dogo wakati wa kujenga, na haliwezekani tena baada ya kujenga. Ukisahau kila kitu kwenye barua hii, usisahau kiganja hicho.

Na chemba ikae mahali utakapochagua wewe. Isiwe mbele ya jiko, isiwe unapoanika dagaa. Iwe kwenye njia ambayo fundi anaweza kufika bila kupita ndani ya nyumba.

Nina sababu ya kukazania usimamizi wa ujenzi. Mtaa mmoja niliokuwa nausimamia, fundi (simtaji) alilaza bomba la nyumba tisa siku ya Jumamosi akafukia siku hiyohiyo, jioni wakampa hela yake. Wiki ya tatu likaziba. Tukafungua chemba, akina mama wanne na mimi, na fimbo za mianzi tulizozifunga kwa mpira wa baiskeli. Kwanza yalikuja magamba ya sato, meupe, yameshikana kama karatasi iliyolowa. Kisha machicha ya nazi. Kisha kipande cha kanga, na ndani ya ile kanga mchanga wa kusugulia masufuria, mzito kama kilo moja. Tukaosha, tukashukuru. Wiki mbili baadaye likaziba palepale. Ndipo tulipofukua tukakuta bomba limebeba tumbo: kati ya chemba na chemba lilikuwa limelala kwenye kifusi kilaini, likabonyea katikati, na kila kizito kinachopita kinatua pale. Magamba hayakuwa na kosa peke yake. Zile nyumba tisa zililipa mara mbili.

Kwa hiyo, msifukie wala msimalizie malipo kabla ya kupima. Mchukue tochi na kioo cha kunyolea. Mtu mmoja amulike tochi ndani ya bomba kwenye chemba ya juu, mwingine aweke kioo kwenye chemba ya chini na kuangalia. Akiona duara kamili, kama mwezi mpevu, bomba limenyooka. Akiona mwezi mchanga, kuna tumbo au kuna jiwe linalosukuma, fukueni. Baada ya hapo tieni limau moja chemba ya juu kabisa, mwageni ndoo mbili za maji, na watoto walisubiri uani kwako. Limau lisipofika, fundi hajamaliza kazi. Kwenu mserereko si shida, bomba la inchi 4 linaridhika hata likishuka nusu sentimita kwa kila mita, na kwa mserereko huo linaweza kubeba zaidi ya kaya 100. Shida ya mlimani ni kinyume chake, bomba kuteleza. Kila baada ya mita chache lishikwe kwa zege kwenye mwamba, la sivyo masika ya kwanza litachomoka kwenye maungio.

Nani atazibua? Hapa ndipo mitaa mingi inapoangukia, kwa sababu kikao kinaisha watu wakiwa wamechoka na swali hili linasukumwa mbele. Karachi, nchini Pakistan, kuna eneo la Orangi ambako mwaka 1980 mzee mmoja aitwaye Akhtar Hameed Khan alianza kuwashawishi watu wajenge mabomba yao wenyewe, kichochoro kwa kichochoro, nyumba 20 au 30 hivi kila kimoja. Hawakuanza na bomba. Walianza kwa kila kichochoro kumteua mtu wao, mkazi wa palepale, wa kukusanya hela na kusimamia. Ninyi fanyeni hivyo, na ningependa mtu huyo uwe wewe. Una sababu kuliko wote ya kutaka bomba lipite maji. Kila nyumba itoe kiasi kidogo kila mwezi, hata 2,000, kitunzwe na watu wawili walioaminiwa, na kitumike kwa fimbo, glavu, mifuniko na fundi. Bomba la barabarani ni la mamlaka. La uani ni lenu. Mpaka wa kazi uandikwe ni chemba ipi, ili siku ya kuziba msisukumane simu.

Na muandike vitu visivyoingia bombani, mbandike ukutani mwa kila choo, kwa Kiswahili cha kawaida bila kuoneana haya: pedi, nepi, matambara, magunzi, magamba, machicha, mafuta ya kukaangia, mchanga wa masufuria. Kwenye sinki la nje wekeni chujio, na kashimo kadogo ka kutulizia mchanga kabla maji hayajaingia chemba. Wapangaji wako waonyeshwe siku wanapohamia.

Kuhusu maji ya mara mbili kwa wiki, usiogope sana. Kinachosukuma uchafu kwenye bomba si maji ya choo tu, ni ya kuogea na kufulia pia. Watu wengi wanaunganisha choo peke yake na maji ya kufulia wanayamwaga njiani. Hapo ndipo bomba linakauka na kuziba. Unganisha vyote. Tumia sinki la kuchuchumaa lenye mtego wa maji, lile la kumwagia kwa kopo, na siku isiyo na maji ya bomba, maji ya kufulia uliyohifadhi jana ndiyo uyatumie kusukumia choo. Kitu kimoja tu kisiingie kabisa, maji ya mvua ya bati. Mvua moja ya masika itawajaza wote, na itafurika kwako.

Shemeji yako. Mheshimu, mwite kabla ya kikao, asisikie kwa watu. Mwonyeshe kwamba kuruhusu bomba kupita si kuuza kiwanja. Lakini asidharauliwe, maana hofu yake ina msingi kama mambo yatabaki ya mdomo. Iandikwe karatasi kwenye ofisi ya mtaa: kiwanja ni chako na cha watoto wa marehemu, bomba linapita upande fulani, upana fulani, majirani wana haki ya kuingia kuzibua wakikutaarifu, na hamna mtu wa kujenga juu yake, wewe ukiwemo. Chora na ramani, hata ya mkono. Mtendaji agonge muhuri, shemeji atie saini kama shahidi. Akitia saini mwenyewe, atailinda.

Yule mzee aliyegoma, hapo nitakwambia ambalo huenda hutalipenda. Ana hoja. Yeye anaishi na mkewe, wewe una vyumba vinne vya wapangaji, na mnatozwa sawa. Ningekuwa wewe, ningesimama kikaoni nikasema mwenye wapangaji aongeze, nikaanza na mimi. Hata nyongeza ya 30,000 itabadilisha hewa ya kile kikao. Akiendelea kukataa, msimsukume na msimtukane. Fundi aache wai, yaani kiungio chenye umbo la herufi Y, mbele ya nyumba yake, imefungwa kwa kizibo. Wazee wengi niliowaona wakigoma waliunganisha masika yaliyofuata. Ila yule wa tofali asiruhusiwe kubaki nje. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa bwana afya nguvu ya kumchukulia hatua anayetiririsha uchafu, na mwenyekiti wa mtaa anajua pa kumpata bwana afya.

Mwisho, karo. Kuna namna ya kulibakiza, mazito yatulie mle na maji tu yaingie bombani. Zambia walifanya hivyo tangu miaka ya 1960 na lilifanya kazi. Lakini mazito bado lazima yanyonywe kila baada ya miaka, na gari halipandi kwenu, kwa hiyo utabaki na vijana wa ndoo. Lifukie. Subiri kwanza wiki mbili za bomba jipya bila tatizo. Linyonywe lote, mwaga chokaa, liache wazi siku kadhaa huku limezungushiwa uzio watoto wasikaribie, ujaze mawe na udongo kidogo kidogo ukishindilia. Kuna watu watakushauri ulifanye kisima cha maji ya mvua. Usikubali, hata likisuguliwa vipi. Na mtu asiingie mle kusafisha. Hewa ya karo inaua mtu kabla hajaita.

Mifuniko ya zege ukiitoa salama, itumie kwenye chemba yako mpya. Angalau hiyo itatokana na wale ng'ombe.

*Habari Bibi. Kwetu Ilemela wanasema bomba likija harufu itahamia ndani ya nyumba. Ni kweli?*

*Msomaji, Ilemela*

Ni kweli kama choo hakina mtego wa maji au hakina bomba la hewa. Mtego ni ile kona ya chini ya sinki inayobaki na maji. Maji yale ndiyo kifuniko chako. Chumba kisichokaliwa wiki mbili, mtego unakauka na harufu inapanda, hivyo mwaga kopo moja hata kama hapatumiki. Bomba la hewa lipande juu ya bati, lisiishie dirishani kwa jirani.

*Shikamoo Bibi Afya. Mimi ni kijana wa miaka 24, kazi yangu kunyonya vyoo, wanatuita vyura. Nasikia kila mtaa sasa unataka bomba. Nina mke na mtoto mmoja. Kazi yetu si itakufa? Na wengi mnaoandika magazetini mnatuandika kama wahalifu.*

*Chura wa Igogo*

Marahaba mwanangu. Nikuombe radhi kwa niaba ya walioandika hivyo. Usiku ambao gari lilishindwa kupanda, ninyi mlipanda. Nyumba ngapi za Mwanza zingekuwa hazikaliki bila ninyi, nazijua.

Kazi haifi mwaka huu wala mwaka kesho. Kila karo linalofukiwa lazima kwanza linyonywe, na mtaa wa nyumba 11 una makaro 11. Baada ya hapo kuna mitaa mingi ambayo bomba halitafika upesi. Lakini usikae ukisubiri. Soma barua ya mama hapo juu: wanahitaji mtu wa kuzibua, mwenye fimbo, mwenye kujua chemba, asiyeona kinyaa, anayefika akipigiwa simu. Nani anaijua kazi hiyo kuliko wewe? Jiandikisheni kikundi, watano au sita, halmashauri ina mikopo ya vikundi vya vijana. Nendeni kwenye mtaa wenye bomba jipya kabla halijaziba, mkubaliane malipo ya mwezi ya kufungua chemba na kuzisafisha. Hela ndogo ya kila mwezi kutoka mitaa minne inamshinda mteja mmoja wa usiku anayekupunja.

Ninachokuomba ni kuhusu mwili wako. Usiingie ndani ya shimo. Najua mnaingia, najua chini mazito yanagoma kwenye ndoo. Mwaga maji uyalainishe, tumia pampu ya mkono ile ya kuvuta kwa mpini, acha mfuniko wazi muda mrefu kabla ya kuanza, na usiwashe sigara wala kibatari karibu. Mwenzako akianguka mle, usimfuate. Nilizika ndugu wawili waliokufa hivyo siku moja, wa pili alikuwa amemfuata wa kwanza. Mvute kwa kamba, na kwa sababu hiyo kamba iwe imefungwa kiunoni kabla, si baada. Glavu ndefu, buti, sabuni, na nguo za kazi zisiingie ndani anakolala mtoto. Mtoto wako apate dawa ya minyoo kila zamu zinapotolewa zahanati.

Na mnapobeba, msimwage kwenye mto Mirongo wala kwenye mtaro. Naomba hilo kwa sababu uchafu huo unaishia ziwani, na ziwani ndiko maji ya kunywa ya jiji yanakotoka. Kamuulizeni mwenyekiti wa mtaa awatafutie pa kukabidhi, gari lije lisimame barabarani, ninyi mshushe mapipa yenye mifuniko hadi pale.

Niandikie tena, uniambie wenzako mko wangapi na mnavaa buti namba ngapi. Ninazo jozi mbili zilizobaki tangu siku zangu za kazi, namba 8 na namba 9, na hazijavaliwa bado.